Kutoka Mkokotoni Hadi Ng'ambo: Historia ya Safari za Masomo

Katika mkutano wetu wa mwaka jana, baada ya chakula, kijana mmoja wa Kidato cha Sita alinifuata nilipokuwa nimekaa chini ya mwembe na wenzangu wa zamani. Alikuwa na bahasha ya khaki mkononi. Akanieleza kwa adabu kwamba anataka kwenda kusoma nje akimaliza, akaniomba nimwambie aanzie wapi. Nilimjibu maneno mawili matatu ya haraka, kama wafanyavyo wazee walioshiba pilau, naye akashukuru akaenda zake. Gari lilipofika Mahonda ndipo nilipotambua kwamba kijana yule sikumjibu kitu. Makala haya ndiyo jibu lake. Yamechelewa, na ni marefu kuliko alivyotaka, lakini nimeona siwezi kumwambia aanzie wapi bila ya kumweleza waliomtangulia walianzia wapi, na nani aliwashikia mlango.

Vijana wa leo hawana budi kukumbushwa kwamba hadi mwaka 1998 visiwa vyetu havikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mzanzibari aliyetaka digrii ilimlazimu avuke maji, japo maji yenyewe ni ya kufika Dar es Salaam tu. Na kwa mtoto wa Mkokotoni safari ilianza mapema zaidi. Ng'ambo yake ya kwanza ilikuwa Ng'ambo yenyewe, ile ya mjini, alikopelekwa kwa shangazi au kwa rafiki wa babake ili apate karibu na skuli kubwa. Mwenzake wa Tumbatu alikuwa na safari moja zaidi ya kuhesabu, kwani yeye alianza kwa mashua mpaka pwani yetu hapa. Kwa hiyo watu wa Kaskazini tulijua siku nyingi kwamba elimu ina nauli.

Zamani, kabla ya Mwingereza kushika nchi, masomo ya juu yalikuwa masomo ya dini, na ratiba yake iliwekwa na upepo. Mwenye kutaka kwenda Hadhramaut, Makka au Misri alingoja kusi, na mwenye kutaka kurudi alingoja kaskazi, inayovuma tangu Disemba hadi Machi. Aliyekosa msimu alikaa mpaka mwaka wa pili, na hakuna wa kumlalamikia. Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa kadhi hapa Unguja bado kijana. Kisha katikati ya miaka ya 1880 akauacha ukadhi akaenda Istanbul, akapita Misri na Makka akitafuta elimu, na muongo haukumalizika ila amesharudi kwenye kazi yake. Sahibu na mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, alisoma Makka na Hadhramaut, akaja kufungua madrasa Ukutani ambayo jina lake halijafutika mpaka leo. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Nawataja masheikh hawa kwa sababu moja. Wao walikwenda kwa mlolongo wa walimu: mwalimu wa huku anamjua mwalimu wa kule, na anayemaliza hupewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, yenye kutaja kasoma kwa nani, na huyo kasoma kwa nani. Hati ile ilikubalika popote alipofika, kwa kuwa waliokuwa wakiipokea waliwajua walioitoa. Sisi wa vyuo vikuu tulikuja kuikosa bahati hiyo, kama nitakavyoeleza.

Katika miaka ya 1890 palikuwa hata na Wazanzibari waliokwenda Ulaya si kusoma bali kusomesha. Amur bin Nasur alifundisha Kiswahili Berlin, katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887, akaandika habari za aliyoyaona huko. Mwenye kudhani kwamba sisi siku zote tumekuwa wa kupokea tu, na akumbuke hilo.

Mwingereza alipoweka skuli zake, mlango ukawa mmoja na ufunguo ukawa mmoja. Mlango ni Makerere na ufunguo ni Idara ya Elimu. Makerere ilianza mwaka 1922 kama skuli ya ufundi. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, kijana wa Unguja aliweza kupanda meli mpaka Mombasa, kisha gari la moshi moja kwa moja mpaka Uganda. Skuli ya Sekondari ya Serikali ilifunguliwa mjini mwaka 1935, ndiyo iliyokuja kuitwa King George VI na baada ya Mapinduzi ikaitwa Lumumba, na kutoka hapo wachache walichaguliwa kwenda. Mpaka mwaka 1949, Makerere ilipoungana na Chuo Kikuu cha London, walichorudi nacho kilikuwa diploma, si digrii.

Ukitazama majina ya waliopita njia hiyo utaona jinsi mlango mmoja ulivyowakutanisha watu waliokuja kuachana vibaya. Ali Muhsin Barwani alisomea kilimo Makerere, na Aboud Jumbe alisomea ualimu. Mmoja akawa kiongozi wa Hizbu na waziri katika serikali iliyopinduliwa. Mwengine akawa Rais wa pili wa Zanzibar. Sayyid Omar Abdallah, aliyeongoza Chuo cha Kiislamu hapa Unguja, naye alianzia Makerere kabla ya kwenda London na Oxford. Hawa hawakujipangia. Serikali ilihitaji walimu na mabwana shamba, ikachagua vijana wa kuwa walimu na mabwana shamba, na kazi ikawangoja waliporudi. Ni mpango wa kumbana mtu, sikatai, lakini ulikuwa na sehemu zake zote mbili, yaani kwenda na kurudi.

Hapa sina budi kumtaja Mzee Ali Hassan Mwinyi, kwa kuwa ni jirani yetu wa Mangapwani, na kwa kuwa safari yake ndiyo ningependa vijana wetu waitazame kuliko zote. Alizaliwa Kivure, Mkuranga, mwaka 1925, na wazee wake wakamvusha bahari bado mdogo aje Unguja kusoma. Kwa hiyo sisi huku Kaskazini ndio tuliokuwa ng'ambo yake! Akasoma Mangapwani, kisha Dole, kisha akasomea ualimu, akarudi kufundisha Mangapwani. Akiwa mwalimu wa shamba aliendelea kusoma kwa njia ya posta, jioni baada ya kazi, na mwaka 1954, akiwa mtu mzima wa karibu miaka thelathini, akapata nafasi ya Chuo cha Elimu cha Durham, Uingereza, mpaka 1956. Tangu aanze kazi mpaka apande meli ilipita miaka kama tisa. Alirudi kuwafundisha walimu, akaja kuwa mkuu wa chuo chao. Mengine mnayajua: Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na Rais wa Muungano kuanzia 1985 hadi 1995. Alifariki tarehe 29 Februari 2024.

Miaka ile ile ambayo Mwalimu Mwinyi alikuwa Durham, milango ilianza kuwa mingi. Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na baadhi ya watangazaji wake walikuwa Wazanzibari. Vyama vya siasa vilipoinuka, uchaguzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1957, na vyama hivyo pamoja na vyama vya wafanyakazi vikaanza kutafuta nafasi za masomo kwa marafiki zao wa nje: Misri ya Gamal Abdel Nasser, China, Ujerumani ya Mashariki, Chekoslovakia, Urusi. Mwaka 1960 Warusi walifungua Moscow chuo kikuu maalumu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata wakakipa jina la Patrice Lumumba. Kijana ambaye Idara ya Elimu ilikuwa imemwambia hapana, sasa aliweza kwenda kuuliza kwengine. Ila kadi ya chama ilitangulia cheti cha skuli. Kwanza unaulizwa uko na nani, ndipo unaulizwa umefaulu nini.

Walikuwako pia waliokwenda kwa miguu yao. Abdulrahman Mohamed Babu alikwenda London mwaka 1951, akafanya kazi ya ukarani wa posta huku akisoma, akarudi mwaka 1957 kuwa katibu mkuu wa Hizbu. Na Adam Shafi, ambaye riwaya zake mmezisoma darasani, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2013, Mbali na Nyumbani, safari ya kijana aliyeondoka Zanzibar kwa nchi kavu kutafuta masomo ya Ulaya, akipitia Uganda, Sudan na Misri. Njia hiyo ya mto Nile ilipitwa na vijana wengi wa Afrika Mashariki siku zile. Wakenya 81 waliopata ndege ya Tom Mboya kwenda Marekani mwezi wa Septemba 1959 walikuwa wenye bahati. Wengine walidandia malori mpaka Juba.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelipangia. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakafanyika Mapinduzi. Wako vijana waliokuwa darasani Cairo na London asubuhi ile, na serikali iliyowapeleka haikuwapo tena. Wengine walirudi wakatumikia nchi. Wengine walichungulia, wakaona hapaingiliki, wakakaa. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Oman mwaka 1970 na kuwaita watu wenye asili ya huko, wengi katika waliomwitikia walikuwa Wazanzibari waliosoma Cairo, Ulaya ya Mashariki na Uingereza: walimu, madaktari, wahandisi. Skuli na hospitali za Muscat zilifunguliwa na mikono iliyoanza kushika kalamu hapa. Silaumu mtu. Nasema tu kwamba kisiwa kilitoa mbegu, na mavuno yakaenda kwengine.

Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na kwa watoto wa shamba hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko vile vijana wa leo wanavyoweza kufahamu. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani ya Mashariki mapema mwaka huo huo, ndipo walipokuja wataalamu wao, wakajenga majumba ya Kilimani, na vijana wetu wakaanza kwenda kwao kusoma. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 ruhusa ya kutoka kisiwani ilikuwa ngumu, hata ya kuvuka kwenda Dar es Salaam. Waliotaka kusoma na hawakuwa na wa kuwasemea waliondoka walivyoweza. Mmoja wao alikuwa kijana wa Malindi mwenye miaka 18 au karibu na hapo, aliyefika Uingereza na ndugu yake wakiwa na viza ya matembezi. Alisoma Canterbury, akapata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, na hakuja kuiona tena Zanzibar mpaka mwaka 1984. Jina lake ni Abdulrazak Gurnah, na mwaka 2021 alipewa Nishani ya Nobel ya Fasihi. Tulishangilia sana. Mimi nilishangilia, kisha nikahesabu ile miaka ya katikati.

Baada ya mwaka 1972, chini ya Mzee Jumbe, mambo yalilegea kidogo. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo nafasi nyingi za nje zilipitia Dar es Salaam, na faili la kijana wa Mkokotoni lilikuwa na ofisi nyingi za kupita kabla ya yeye mwenyewe kupita uwanja wa ndege. Naweza kulisema hili kwa kuwa faili moja lilikuwa langu.

Mwaka 1983 niliomba kusomea uganga. Nilijaza fomu kwa mkono wangu, nikaandika uganga pahala pa kwanza na uganga pahala pa pili, kwa ujinga wa kijana. Jibu liliporudi nilikuwa nimepewa uhandisi wa umeme, Ujerumani ya Mashariki, na siku za kufikiri zilikuwa nne. Katika ofisi moja, ambayo siitaji, nilimwuliza karani kama si kosa. Akaniambia: "Kijana, huko kuna nafasi ya umeme. Uganga hakuna. Unakwenda au huendi?" Nikaenda. Mama aliuza karafuu zake zote za mwaka ule na kuninunulia koti la mtumba Darajani, ambalo nilipofika Leipzig nilikuta ni koti la mvua.

Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa lugha, katika Taasisi ya Herder, kama ilivyokuwa kwa wageni wengi waliokwenda nchi ile. Wajerumani walinitendea wema, na umeme nikaupenda. Kitu ambacho sikuwa nimekiuliza, wala hakuna aliyenambia, ni tikiti. Tikiti zilikuwa mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi ukimaliza. Katika mwaka wa tatu baba alifariki hapa Mkokotoni. Simu ya upepo ilinifikia baada ya arobaini kwisha kusomwa. Sikuwa na njia ya kuja hata kama ingenifikia siku ile ile.

Nilirudi mwaka 1989 na diploma yenye muhuri wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Tarehe 3 Oktoba 1990 nchi hiyo ikafutika katika ramani. Kwa miaka miwili nilikuwa nikizunguka na hati iliyotolewa na dola ambayo haipo, nikiwaeleza watu kwamba umeme wa kule na umeme wa huku ni mmoja. Waliorudi kutoka Urusi walipata adha kama hiyo baada ya Disemba 1991. Hapo ndipo nilipowakumbuka akina Bakathir na ijaza zao.

Leo mambo ni mengine. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, tunachokiita SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na vyuo vya Tunguu na Chukwani vilianza mwaka 1998. Bodi ya mikopo ya Muungano iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na ya kwetu Zanzibar mwaka 2011. Na Novemba 2023 tumeona ajabu ambayo mashekhe wa jahazi wangeicheka: Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras imefungua tawi lake Bweleo, la kwanza la vyuo hivyo kuwekwa nje ya India. Nje imekuja kwa daladala.

Hata hivyo wanaosafiri bado wanasafiri, na bado hakuna anayejua kusi itageuka lini. Machi 2022 wanafunzi wa Kitanzania walikuwa wamekwama Sumy, Ukraine, mabomu yakianguka. Aprili 2023 vita vilipozuka Khartoum, ambako vijana wetu wamekuwa wakienda kusoma miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, serikali iliwatoa watu wapatao mia mbili kupitia Ethiopia, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Waliletwa nyumbani salama, namshukuru Mungu, lakini vyeti vya miaka yao ya masomo vilibaki kwenye majengo yanayopigwa mizinga.

Basi, kijana wangu wa bahasha ya khaki, naja kwako. Uliniuliza uanzie wapi, na nadhani ulitaraji nikutajie nchi. Nchi utaipata, balozi ndogo za China na India zipo hapa hapa mjini, na matangazo yao hutoka kila mwaka. Mimi ningeanzia mwisho nikarudi nyuma. Kabla hujajaza fomu, waulize Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo unachokitaka kinatambuliwa, na kama unataka uganga, sheria au uhandisi, liulize na baraza la taaluma hiyo, maana chuo kinaweza kutambuliwa na wewe bado usiruhusiwe kushika kazi. Uliza nani anayelipa, na analipa nini akiacha kulipa mwaka wa pili. Uliza tikiti ni ngapi. Andika masomo mawili tofauti katika fomu, si moja mara mbili. Nakala za vyeti vyako uziache kwa mtu nyumbani, na kila matokeo ya mwaka yakitoka yatume huku siku hiyo hiyo. Siku hizi ni jambo la dakika moja. Na ukinyimwa mwaka huu, fundisha, soma jioni, omba tena. Mangapwani si mbali, nenda kaitazame ile skuli.

Na umwambie mama asinunue koti Darajani. Litanunuliwa huko huko.

Kuna jambo jengine ambalo sikukueleza chini ya mwembe kwa kuwa wenzangu walikuwa wakisikiliza. Mashine ya umeme niliyoitunza kwa miaka ishirini na mbili ilikuwa ya hospitali. Usiku ambao taa za mjini zilikuwa zikizimika, na ziliwahi kuzimika miezi mitatu mfululizo, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa chini ya bahari ulipoharibika, mimi ndiye niliyekuwa nikikaa na jenereta ili madaktari wapate kuona. Baadhi ya madaktari hao walipata ile nafasi niliyoitaka mimi. Tulikuwa tukinywa chai pamoja alfajiri, nao wakiniuliza habari za Leipzig.

Mkutano wa mwaka huu nitakuwapo, inshallah. Njoo na bahasha yako tuifungue mezani, tuone kilichomo na kilichopungua.